Kichaka cha Mpita Njia

Vipepeo weupe wanapohama, hawaujui mpaka. Hapa Ikinga, wilayani Ileje, nimewaona wakipita juu ya migomba na mikahawa, wote wakielekea upande mmoja. Wakikuta nyumba hawaizunguki: hupanda juu ya bati, wakashuka upande wa pili, wakaendelea na safari.

Mmoja wa vipepeo wahamaji wanaojulikana sana Afrika Mashariki ni Catopsilia florella, mweupe mwenye ukijani kwa mbali. Hufyonza maua ya kila namna, lakini mayai hutaga hasa kwenye mimea ya jamii ya mjohoro, ambayo ndiyo chakula cha viwavi wake. Bonde lenye maua bila mimea hiyo humshibisha siku moja, lakini halimpi kizazi.

Penye watu na mashamba, kichaka chenye mimea hiyo hakibaki kwa bahati. Moto wa kuandaa mashamba ukipita mlima mzima kwa mkupuo, mayai, viwavi na pupa huteketea pamoja. Watu wakikubaliana kuacha vipande visichomwe, uhai hupata pa kuanzia upya.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Huko Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, wanakijiji walijifunza kufuga vipepeo, wakapanda mimea ya kulishia viwavi na kuuza pupa kwa maonyesho ya Ulaya na Marekani. Msitu ulio hai ukawa na faida mfukoni. Kisha mwaka 2016 serikali ikazuia kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, na mapato yale yakapata pigo. Kwangu, hapo ndipo penye funzo. Soko ni msaada mkubwa kwa hifadhi, lakini msitu uliosimama kwa ajili ya soko peke yake huwa hatarini siku soko likifungwa.

Sheria za hifadhi zipo. Ile ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka kingo za mito, na Sheria ya Misitu ya 2002 inakiwezesha kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi. Kinachobaki ni nia yetu. Katika mkutano wa kijiji, mtu mwenye watoto wa kulisha ana haki ya kuuliza kichaka kinamwingizia nini. Naomba tuongeze swali la pili: nani mwingine anakitegemea? Wamo nyuki, wamo majirani zetu wa Malawi ng'ambo ya Mto Songwe, yumo na kiumbe mpita njia asiyeweza kutulipa. Kumwekea nafasi asiye na cha kulipa ndio utu. Tukiuzoea kwa kipepeo, hautatushinda kwa wajukuu wetu, ambao hawajazaliwa waje wadai chao.