Hukuniuliza Kuhusu Mvua

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakutuambia njia ya mnyamavu ina urefu gani. Ndugu msomaji, hilo ndilo swali langu: mtu aliyejua jambo akanyamaza, je, amedanganya?

Kwa asiyepajua, Kagongwa iko kwenye barabara kuu kati ya Isaka na Kahama. Ni mji wa mpunga na mashine za kukoboa. Mvua huanza kama Novemba na kuendelea mpaka Aprili au Mei. Mpunga ukishavunwa na kuuzwa, hela inaingia mifukoni wakati wa kiangazi. Basi Julai na Agosti ndiyo miezi ya kuoa, kuezeka nyumba na kununua magari yaliyotumika. Yaani tunanunua magari katika miezi ambayo mbingu haitoi hata tone.

Ndivyo mjomba wangu alivyonunua Toyota Corolla ya miaka ya 1990. Ilikuwa Agosti, gari likinguruma vizuri. Muuzaji akasema, "Mzee, iko fiti." Na kweli siku ile ilikuwa fiti. Ilipofika Novemba, kila mvua ikinyesha gari linamisi: linakohoa, linakosa nguvu, asubuhi nyingine haliwaki kabisa. Kibaya zaidi, likishawaka na injini ikapata moto, unyevu unakauka na ugonjwa unapotea. Ukifika kwa fundi unaonekana mzushi.

Fundi wa kwanza alibahatisha. Akabadilisha plagi, akabadilisha na pampu ya petroli. Mjomba akalipa, mvua ikanyesha, gari likamisi vilevile. Fundi wa pili, kijana tu, akasema, "Mzee, ilete usiku." Akafungua boneti gizani, injini inaunguruma, akapuliza maji kidogo kidogo kwa chupa, sehemu moja moja: kwanza koili, halafu waya za plagi, mwisho kifuniko cha distributa. Kwenye waya mbili zikatoka cheche ndogo. Kwenye kifuniko, cheche za bluu zikatambaa nje kama siafu, na injini ikakohoa. Akatueleza kwamba umeme unaokwenda kwenye plagi unazidi volti 10,000, nao unapenda njia ya mkato. Kifuniko kikiwa na ufa, uchafu na unyevu vinaupa pa kutorokea kabla haujafika kwenye plagi.

Kifuniko kikabadilishwa. Hela ya waya haikuwepo, ilishaliwa na yule fundi wa kubahatisha, kwa hiyo waya zikafungwa tepu. Lakini kilichoniondolea usingizi ni kile kifuniko cha zamani. Juu ya ufa palikuwa na mstari wa gundi, umepakwa kwa uangalifu. Kumbe kuna mtu alishauona ule ufa.

Mjomba akampigia simu muuzaji. Jibu lilikuwa fupi: "Nilikuambia iko fiti, na ilikuwa fiti. Wewe hukuniuliza kuhusu mvua."

Jamani, tusiharakishe kumtukana. Jibu lake lina wazee wake. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero wa Roma aliandika juu ya mfanyabiashara anayeleta nafaka kutoka Alexandria kwenda Rhodes, kisiwa chenye njaa. Anajua meli nyingine ziko nyuma yake. Aseme, bei ishuke? Au anyamaze? Diogenes wa Babeli aliona kwamba kunyamaza si kuficha. Muuzaji halazimiki kusema kila anachokijua. Mwanafunzi wake Antipater akakataa: mnunuzi asibaki gizani kwa jambo ambalo muuzaji analijua. Cicero mwenyewe akaegemea upande wa kusema.

Waislamu nao wana hadithi iliyomo katika Sahihi ya Muslim. Mtume alipita sokoni, akatia mkono ndani ya lundo la nafaka, vidole vikakutana na unyevu. Muuzaji akajitetea kwamba ilinyeshewa mvua. Mtume akamuuliza kwa nini basi iliyolowa hakuiweka juu, watu waione. Mtu wa Kagongwa anaielewa hadithi hii bila mfasiri: anajua mpunga mbichi unavyozidi uzito kwenye mizani.

Mimi naona hivi. Mnunuzi ana wajibu wa kukagua kile ambacho Agosti inamruhusu kukiona: matairi, moshi, kutu. Hawezi kuja na mvua yake. Utasema angekuja na chupa ya maji. Sawa, lakini anayejua kupuliza maji mahali pale ni yule anayejua tayari ugonjwa uko wapi. Aliyejua na akangoja kiangazi ametumia jua kama pazia. Hakusema uongo hata neno moja, na bado amedanganya.

Huenda gundi ile haikupakwa na yule muuzaji; gari lilishapita mikono mingine. Asiyejua kweli hana deni. Lakini kuna asiyejua kwa sababu hataki boneti ifunguliwe usiku. Huyo amechagua kutojua, na simsamehe haraka.

Sasa sikilizeni. Mwaka huu mjomba anataka kuliuza gari, Julai, jua likiwa kali. Kifuniko ni kipya, ila zile waya bado zina tepu. Nilimwambia amweleze mnunuzi. Akanitazama akasema, "Mpwa wangu, ukweli wako nitaulipia mimi."

Ni kweli. Atapunguziwa bei, naye ndiye aliyeumizwa kwanza. Wema wangu ni wa bure, wake una gharama, na sina haki ya kujifanya mtakatifu kwa hela ya mtu mwingine. Ila hasara ile haitakufa yenyewe. Ilitoka kwa mwenye gundi ikaja kwa mjomba. Akinyamaza itakwenda kwa mwingine, pengine mtu anayetaka kubeba abiria usiku wa mvua kuelekea Kahama. Lazima pawe na mtu mmoja anayekubali ikomee kwake.

Mjomba bado hajaamua. Nimejitolea kuchangia hela ya waya.