Onyesha Vidole

Wajukuu zangu, siku ya kukamua rubisi, pombe yetu ya ndizi, babu yangu hakumsalimu mtu kabla ya kumwambia, "Onyesha vidole." Ndizi zilizoiva zimeshamwagwa kwenye mtumbwi wa mti pamoja na nyasi, wakanyagaji wamekunja suruali, na mzee anainama, anatenganisha kidole na kidole, ananusa. Mwenye ngozi iliyochacha, mwenye funza, mwenye kisigino kilichopasuka, alitumwa kuteka maji. Mimi nilitumwa mara mbili mbele ya wenzangu. Tangu hapo nakagua miguu yangu kila jioni, na sasa nina miaka 79.

Mtaniambia miguu huharibika penye joto, na Bukoba hakuna joto la kusema. Kweli, huku si Dar es Salaam wala Muscat mnakokimbilia. Lakini mguu haujali hali ya hewa ya mji, unajali joto la ndani ya kiatu. Na sisi tunapata mvua ya milimita 2,000 hivi kwa mwaka, kwa hiyo unyevu hautuachi. Asubuhi mnaingia kibanjani na gambuti kwa ajili ya umande. Saa sita jua linawaka, gambuti bado ziko mguuni, soksi za nailoni zimelowa jasho. Humo ndimo fangasi hustawi. Huanzia kati ya kidole cha mwisho na jirani yake, maana hapo pamebanana, hewa haipiti. Ngozi inakuwa nyeupe, inachubuka, usiku inawasha hadi unaisugua kwenye mkeka.

Umande ukikauka, vueni gambuti. Ukirudi nyumbani osha kwa sabuni, kisha futa katikati ya vidole. Hapo ndipo mnapokosea: mnaumwagia mguu maji na kuutumbukiza kwenye yeboyebo ukiwa bado unachuruzika. Gambuti zisimamishwe juu ya vijiti, midomo chini, zikauke siku nzima. Mwenye uwezo awe na jozi mbili za kupokezana. Soksi ziwe za pamba. Dawa ya fangasi usiiache siku muwasho unapokoma, maana mdudu bado yupo. Fuata siku ulizoambiwa hadi mwisho. Na zile krimu za kujichubulia uso (nawaona, msidhani sioni) msizipake miguuni. Nyingi zina steroidi: zinatuliza muwasho huku fangasi ikisambaa chini kwa chini.

Funza ni habari nyingine. Yeye hupenda ukame, kuanzia Juni hadi Agosti, vumbi likiwa jepesi kama unga. Wazee wetu wa zamani hawakumjua. Kwao funza ni Amerika Kusini. Mwaka 1872 meli moja kutoka Brazili ilimwaga mchanga wake Ambriz, Angola, naye akashuka nao, akalivuka bara ndani ya nyayo za wapagazi na askari. Oscar Baumann, msafiri wa Austria, alipopita Uzinza mwaka 1892, hapo kusini mwa Muleba, aliwakuta watu wameshateswa naye vibaya. Miaka 20 tu, bahari hadi ziwa, kwa miguu ya watu! Kwa hiyo mkimwona mtoto wa jirani anatembea kwa ubavu wa nyayo, msimwite mchafu, wala msiseme karogwa. Aibu humfanya aufiche mguu, na mguu uliofichwa huoza.

Anayezama na kubaki ndani ya ngozi ni jike. Kwa wiki moja au mbili huvimba kama punje ya njegere, huku akidondosha mayai nje kupitia kitundu cheusi. Mayai huangukia sakafuni, hukua mavumbini. Ndiyo maana kumtoa mguuni na kuiacha sakafu ya udongo ikiwa kavu, mbuzi na mbwa wakilala humo humo, ni kuchota maji kwa pakacha. Zamani tulipitishana pini moja nyumba nzima. Acheni. Pini hiyo hupitisha pepopunda, homa ya ini na UKIMWI. Nendeni zahanati.

Nanyi wa visiwa vya Bumbire na Goziba, mkitoka kuanika dagaa mchana msikimbilie kupoza miguu kwenye maji ya kina kifupi yenye majani. Konokono wa humo huachia vijidudu vya kichocho jua likiwa kali, navyo hupenya ngozi nzima bila kidonda. Chota maji, yakae kwenye pipa siku 2, ndipo uoge.

Viatu nunueni alasiri. Mguu huvimba kwa joto na kwa kusimama. Kiatu kilichokutosha asubuhi gulioni Kamachumu kitakuua njia ya kurudi. Dawa ya magaga ni jiwe, maji ya vuguvugu na mafuta usiku, basi.

Mimi sasa nina kisukari, nyayo zimekufa ganzi. Mwaka juzi nilitembea na msumari ndani ya katambuga kutwa nzima, na ningelala nao kama si ukaguzi wa jioni. Macho nayo hayafiki tena vidoleni, kwa hiyo mjukuu wangu wa mwisho huja na tochi ya simu, huinama, hutenganisha kidole na kidole. Juzi alinusa, akanyanyuka.

"Babu," akasema, "leo wewe utateka maji."