Je, Ni Kweli Akiba Haiozi?

Tangu utoto tumefundishwa ya kwamba akiba haiozi. Neno hilo ni jema, wala silikatai. Lakini iko akiba ambayo huoza, na mwenye kuificha hana budi kujihoji.

Hapa Wasso mafundi huziba matundu ya misumari na maungio ya mifereji ya bati kwa silikoni. Kitu hiki hakikaushwi na jua kama udongo. Hushikana kwa kunywa unyevu ulio katika hewa. Kwa hiyo mrija wake ukiisha kukatwa mdomo, huanza kuganda tangu ncha. Hata usiofunguliwa haudumu milele, kwa maana unyevu hupenya kidogo kidogo, na joto kali huufupishia siku zilizoandikwa juu yake. Ikiisha kuharibika, pengine huwa ngumu kama mpira, pengine hubaki laini isishike kamwe.

Mimi nalikuwa na mirija miwili iliyosalia nilipomaliza nyumba yangu. Jirani yangu, mama mjane, akaja kuomba mmoja, kwa kuwa paa lake lilivujia mahindi. Nikamjibu, "Mama, Arusha ni mbali, hii naiweka kwa siku ya haja." Nikaiweka darini, chini ya bati lenye joto. Masika ya pili paa langu nalo likavuja. Nikaitwaa mirija yangu: mmoja ulikuwa umeganda wote, wa pili haukushika. Na mahindi ya mama yule yalikuwa yameingia ukungu zamani.

Basi, kosa langu lilikuwa lipi? Si kuweka, maana mwenye busara huweka. Kosa ni kumnyima mwenye haja ya leo kwa ajili ya haja yangu isiyokuwapo bado, kisha kuliita jambo hilo busara. Mtu atauliza, "Je, ukigawa, nawe ukakosa kesho?" Yawezekana. Lakini kukosa baada ya kusaidia ni hasara ya mmoja. Kitu kikiharibika kwa kufungiwa, ni hasara ya wawili.

Kwa hiyo soma tarehe kabla ya kununua. Weka mahali pakavu pasipo joto. Iliyofunguliwa izibe mdomo, uitumie upesi. Iliyokaa sana ijaribu kwanza juu ya kibao. Isipoganda, usiitumainie paani. Tena, kabla hujaifungia sandukuni, tazama paa la jirani.