Usicheke Mtoto wa Mbwa Anapokung'ata

Kisa hiki kiliipata familia moja ya mtaani kwetu, watu waungwana wanaompenda mbwa wao. Nakisimulia bila kuwataja, maana yaliyowafika yanaweza kunifika mimi au wewe.

Baba mwenye nyumba aliletewa mtoto wa mbwa wa mwezi mmoja hivi. Hakuna aliyeuliza mbona ametengwa na mama yake mapema vile, na hiyo ndiyo ilikuwa dalili ya kwanza. Mtoto wa mbwa hafai kuondolewa kwao kabla ya kutimiza wiki 8, kwa sababu huko ndiko anakojifunza kuyazuia meno yake. Akimng'ata ndugu yake kwa nguvu, mwenzake hulia na mchezo huishia hapo. Akimuuma mama wakati wa kunyonya, mama huinuka akaenda zake. Huyu alifika bila somo hilo, na hapo nyumbani hakuna aliyempa.

Watoto walimtikisia vidole mbele ya pua, naye akavidaka, wakacheka. Mama alipoonyesha pindo la khanga yake lililochanwa, aliambiwa, "Mwache, anaota meno huyo." Ni kweli, alikuwa anaota meno. Meno 28 ya utotoni huanza kung'oka kwenye miezi 3 au 4, na yale 42 ya ukubwani hukamilika karibu na mwezi wa 7. Wakati huo fizi humsumbua na ni lazima atafune. Basi apewe cha kutafuna, si mikono ya watu.

Dalili ziliendelea. Mikono ya mtoto mdogo wa nyumba ilijaa michubuko. Mbwa akawa ananguruma mtu akikaribia chakula chake, hata dada wa kazi akalazimika kulisukuma bakuli kwa mpini wa ufagio. Kila mtu alikuwa na dawa yake: baba alimzaba makofi ya pua, kijana alishindana naye mieleka, mama alimfungia uani kutwa nzima. Mbwa asingeweza kujua kipi kinaruhusiwa na kipi hakiruhusiwi. Makofi yalimfundisha kuuogopa mkono, na mbwa mwenye hofu hujihami kwa meno. Kila aliponguruma alikemewa, hadi akaacha. Wakadhani amepoa, kumbe walikuwa wamemnyang'anya njia yake ya kutoa onyo.

Alipokaribia mwaka, mtoto wa jirani aliingia uani kufuata mpira wake. Mbwa alimkamata mkono bila kutoa sauti, meno yakazama. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba hata chanjo ya kichaa cha mbwa hakuwahi kupata. Ugonjwa huo, dalili zake zikishamtokea mtu, karibu kila mara humuua. Tunashukuru kwamba jeraha lilioshwa mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtoto akakimbizwa hospitali kuanza sindano. Alipona. Ujirani wa nyumba zile mbili, hata hivyo, bado haujapona.

Ndugu zangu, samaki mkunje angali mbichi. Usimchezeshe mtoto wa mbwa kwa mikono. Mpe kitambaa kilichofungwa fundo au kamba nene avute. Meno yakigusa ngozi, nyamaza, simama wima, kunja mikono, au ondoka kidogo. Usipige kelele wala kumkimbia, maana kwake huo ni mchezo mtamu zaidi. Akitulia, msifu na urudi kucheza naye. Akizidi kung'ata jioni, huenda amechoka. Mpe mahali patulivu alale. Akinguruma kwenye chakula, usimpige. Mwache ale kwa amani, na umwone daktari wa mifugo mapema.

Lililo kubwa kuliko yote ni umoja wa nyumba. Mmoja akikataza na mwingine akichekelea, kazi yote ni bure. Kama una mtoto wa mbwa, keti leo na wanao, dada wa kazi na yeyote anayeingia kwako, mkubaliane sheria moja na kuishika nyote. Akifikisha miezi 3, apate chanjo ya kichaa cha mbwa. Tusisubiri mtoto wa mtu aumie ndipo tuanze kufundisha.