Babu Aliyemngoja wa Mwisho



Novemba ni mwezi wa kuwakumbuka marehemu. Tarehe 2, Siku ya Wafu Wote, majina yao husomwa altareni, na kila mmoja wetu hutega sikio asikie jina la mtu wake. Mwaka huu limeongezeka jina ambalo vijana wa mtaa huu hawakulitamka hata siku moja. Wao walimwita Babu, basi. Nasi tutamwita hivyo hivyo, maana mwenyewe hakupenda kuandikwa magazetini, na wasomaji wetu wote wanajua tunamsema nani.

Babu hakuwa padri wala mwalimu wa Kanisa. Alikuwa fundi wa reli, na alipostaafu alirudi nyumbani kulima. Binti yake alipofariki aliacha watoto watatu. Babu na Bibi wakawachukua, wakaanza kulea upya wakati wenzao wa rika lao walikuwa wakipumzika. Kazi ya mpira ilianzia hapo. Hakutaka wajukuu wake wazurure jioni, akafyeka kiwanja nyuma ya kanisa, akasimamisha miti ya goli, akashona mpira wa matambara. Siku ya kwanza walikuwa watatu. Kabla ya masika watoto wa majirani walijaa hata ikambidi awagawe makundi, na wasichana wakadai zamu yao ya netiboli, wakaipata.

Tusimpambe kupita kiasi. Alikuwa mkali. Sauti yake ilifika sokoni, na mtoto aliyechelewa alijua filimbi ya Babu inavyolia kwa hasira. Lakini alikuwa na sheria moja ambayo kila aliyepita mikononi mwake anaikumbuka. Mazoezi yalianza kwa mbio, toka kiwanjani mpaka darajani na kurudi, na hakuna aliyeruhusiwa kuugusa mpira mpaka wa mwisho awe amefika. Awe mdogo, awe mnene, awe mwenye pumu, wote walimngoja. Naye Babu hakukaa kitako kumngoja. Alikwenda kumlaki njiani, akarudi naye polepole, wakizungumza. Mwanzoni wenye mbio walinuna. Baadaye, kwa kuchoka kungoja, wakaanza kurudi wenyewe kumchukua mwenzao. Twadhani hilo ndilo alilolitaka tangu mwanzo, ila hakulisema.

Alipenda kuwasimulia habari za John Stephen Akhwari wa Mbulu, aliyeikimbilia Tanzania mbio za marathoni katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968. Akhwari alianguka njiani, akaumia goti na bega. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alikuwa amekwisha fika zaidi ya saa moja, na watazamaji wengi wamekwenda zao, ndipo Akhwari akaingia uwanjani akichechemea, mguu umefungwa bandeji. Alikuwa wa 57, naye ndiye wa mwisho kumaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma kuanza mbio tu, ilimtuma kuzimaliza. Watoto walilipenda sana jibu hilo. Lakini Babu aliwauliza, "Na wale wachache waliobaki kumngoja, mnayajua majina yao?" Hakuna aliyejua. "Basi," akasema, "hiyo nayo ni kazi."

Mtume Paulo naye aliijua michezo. Karibu na Korintho, mahali paitwapo Isthmia, palikuwa na mashindano makubwa kila baada ya miaka miwili, na mshindi alivikwa taji la majani. Ndiyo maana aliwaandikia Wakorintho habari za mbio (1 Kor. 9:24-27), akawakumbusha kwamba uwanjani hushindana wengi na tuzo hupewa mmoja. Lakini tusiishie hapo. Katika waraka wa pili kwa Timotheo (4:7-8), Paulo, sasa mzee na kifo ki karibu, anasema kwamba mwendo ameumaliza na taji amewekewa. Kisha anaongeza kuwa si yeye peke yake, bali pamoja na wote wanaopenda kufunuliwa kwake Bwana. Mbio za dunia zina taji moja. Mbio za Kristo zina taji kwa kila amalizaye, na atanguliaye hapungukiwi kitu kwa kumngoja mwenzake.

Sasa yatupasa kuungama, maana kumsifu marehemu ni rahisi kuliko kumsaidia angali hai. Mara mbili Babu alikuja mbele ya Halmashauri ya Mtaa kuomba mpira wa ngozi. Mara mbili tulimjibu kwamba hakuna fedha, na muda mfupi baadaye tukanunua viti vipya vya wageni. Jumapili alikuwa akiwaleta vijana wake kwenye Sala za Jioni moja kwa moja kutoka mchezoni, akawaketisha benchi la nyuma. Baadhi yetu tukalalamika juu ya vumbi. Hakubishana. Jumapili iliyofuata tulimkuta mlangoni na ndoo na kopo, ameinama, akiwamiminia maji miguuni mmoja mmoja. Tukampita, tukaingia kusali. Masomo yakasomwa, nyimbo zikaimbwa, na hakuna hata mmoja wetu aliyeikumbuka Yohana sura ya 13.

Tena kuna habari ya fainali. Mjukuu wake mkubwa ndiye aliyekuwa mfungaji wetu hodari. Juma lile, katika mbio za mazoezi, alimwacha njiani mwenzake aliyeteguka mguu, akarudi peke yake. Babu akamweka nje ya mechi. Tukafungwa bao moja, nasi tukasema waziwazi kwamba mzee amezeeka, hajui tena thamani ya kombe. Kijana aliondoka kwa hasira, asirudi nyumbani mpaka usiku wa manane. Siku ya mazishi alitusimulia alichokikuta. Babu yake alikuwa nje, juu ya mkeka, taa ya chemli kando yake, chakula kimefunikwa kawa, naye hajala. Hakumkaripia. Alisema tu, "Nawa tule." Wakala pamoja ugali uliokwisha poa. Kijana alitaka kuendelea kusema, akashindwa. Habari za mwana mpotevu katika Luka 15 twazihubiri kila mwaka, na baba wa namna ile alikuwa akiishi kati yetu.

Ndugu wapendwa, mwandishi wa Waraka kwa Waebrania, akiisha kuwataja mashujaa wa imani, anasema jambo la ajabu mwishoni mwa sura ya 11: ya kwamba hao wote, ingawa imani yao ilishuhudiwa, hawakukamilishwa pasipo sisi. Ibrahimu anangoja. Manabii wanangoja. Hiyo ndiyo sheria ya Babu hasa. Basi tunapowaombea marehemu wetu mwezi huu, tusidhani wametusahau. Wametutangulia, lakini hawakutuacha.

Filimbi yake sasa inaning'inia kwenye msumari nyumbani kwa Bibi. Kiwanja kimeanza kuota magugu. Mjukuu anafanya kazi mjini, aweza kuja Jumamosi tu. Siku nyingine vijana wanafika, wanakaa kando, wanaondoka. Halmashauri safari hii imekubali kununua mipira miwili, lakini mpira haumngoji mtu. Anatakiwa mtu. Si lazima awe mchezaji hodari; awezaye kutembea mpaka darajani na kurudi anafaa. Aliyeguswa moyo na aonane na wazee wa Kanisa baada ya Misa ya Jumapili. Nasi sote, kila mmoja na ajiulize ni nani wa nyumbani mwake ambaye bado yu njiani, amechelewa, anaona haya kuingia. Amfunikie chakula, amngoje.

Mungu ampe Babu pumziko lake, naye atupe sisi miguu ya kurudi njiani kumchukua aliye nyuma. Amina.