Haipatikani, Nani Kakwambia?

Redio ya babu yako iko juu ya kabati la sebuleni. Imefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa umeweka maua ya plastiki. Chombo kilichokusanya kijiji kizima leo kinabeba maua yasiyonuka.

Nilikuuliza ina tatizo gani. Ukajibu huku unatazama simu: "Inaongea vizuri tu, ila taa ya kioo ilikufa. Globu zake siku hizi hazipatikani."

Hazipatikani.

Umezitafuta wapi?

Uliingia duka gani pale Lushoto mjini? Ulimuuliza fundi gani Soni? Ulishuka Mombo? Ulitia mguu Ngamiani, Tanga? Au tuanze na dogo kuliko yote: umewahi kuifungua hiyo redio, ukaishika globu yenyewe mkononi, ukasoma ilivyoandikwa?

Hujaifungua.

Basi hujui unachotafuta. Na asiyejua anachotafuta, hata akikikanyaga atapita.

Mgosi, leo nitakuudhi. Sina namna nyingine. Wewe ndiye uliyeikung'uta kabureta ya bodaboda usiku wa manane njia ya Irente, kwa mwanga wa simu uliyoing'ata kwa meno, ikawaka ukamfikisha abiria. Babu zako walikinga maji ya kijito, wakayatembeza ubavuni mwa mlima kwa jembe la mkono hadi kwenye shamba la maharage, bila ramani wala mhandisi. Kisha wewe, mjukuu wao, unashindwa na globu ndogo kuliko ncha ya kidole?

Haiwezekani. Sikubali.

Bisibisi iko wapi?

Kwanza chomoa waya ukutani. Usizime swichi tu, chomoa. Iache ikae, maana zile kapasita za redio ya zamani hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa, nao haumjui mwenye nyumba. Kisha fungua kadibodi ya nyuma. Utakuta vumbi la miaka 40, utando wa buibui, pengine mende aliyekufa akisikiliza taarifa ya habari. Puliza taratibu. Sasa tazama nyuma ya kile kioo chenye namba za stesheni. Pembeni, mara nyingi pande zote mbili, kuna kisoketi kidogo, na ndani yake ndiyo hiyo unayosema haipatikani. Izungushe kushoto kama unafungua kizibo.

Imetoka.

Ilikuwa kazi?

Isogeze kwenye dirisha. Shingo ni ya shaba, ina hesi. Kwenye hiyo shingo kuna maandishi madogo sana yaliyogongwa: 6.3V 0.3A. Kama redio ni ya Kimarekani, huenda globu haina hesi bali vipini viwili vya pembeni, unaibonyeza na kuizungusha. Hiyo, maandishi yakifutika, itazame ndani: nyaya mbili zimeshikwa na ushanga wa kioo. Ushanga wa kahawia ni ampea 0.15. Ushanga wa buluu ni 0.25. Waliotengeneza walijua maandishi yatafutika, wakakuachia rangi. Wao walikufikiria wewe kabla hujazaliwa, na wewe hukuwafikiria hata kwa dakika kumi za bisibisi.

Sasa unajua. Volti 6.3, ampea 0.3, shingo ya hesi ya milimita 10.

Rudia kwa sauti.

Hiyo shingo ya milimita 10 ndiyo shingo ya globu ya tochi. Ndiyo shingo ya globu ya dainamo ya baiskeli! Ile ya taa ya nyuma ni volti 6, wati 0.6, yaani ampea 0.1. Ukiifunga kwenye redio yako itawaka, hafifu kuliko ya kwanza, lakini transfoma haitaulizwa zaidi ya ilichozoea. Ya taa ya mbele iache, ni ya wati 2.4 au 3, inakula umeme mwingi na joto lake linaweza kukunja plastiki ya kioo cha stesheni. Taa ya nyuma. Nenda kwa fundi baiskeli mzee, yule mwenye kopo la misumari na vikorokoro, si yule mwenye duka la vioo. Mpe shikamoo yake, kaa kwenye kigoda, umwambie shida yako. Atamimina kopo lote chini.

Na Land Rover? Milima hii imepandwa na Land Rover tangu kabla baba yako hajaota ndevu. Dashibodi za zile za zamani zilitumia globu ya volti 12, wati 2.2, yenye shingo ya hesi ileile. Kwenye redio, ambako inapata volti 6 tu na ushee, haitawaka nyeupe. Itatoa rangi ya asali. Wengine hawaipendi, mimi naipenda kuliko ya kiwandani, na haiungui upesi. Globu ukiipunguzia volti asilimia 10 tu, umri wake huongezeka mara tatu hivi. Hii ya Land Rover umeipunguzia karibu nusu. Na kama soketi yako ni ya vipini viwili, uliza globu ya pakingi ya gari, ya volti 12, wati 4.

Umeona? Ulikuwa unapita mbele yake kila siku, pale gereji, kwenye lile gari lililoota majani.

Haipatikani!

Ngoja nikusimulie aibu yangu, usije ukadhani naongea nikiwa juu ya mlima. Nami nilikuwa na haraka. Nilinunua globu za tochi, shingo ikakubali, nikafurahi, nikawasha. Pu! Mwanga mmoja wa buluu, kisha giza. Nikafunga ya pili. Pu. Ya tatu nikaifunga huku nasali. Zote zilikuwa za volti 2.5, imeandikwa shingoni mwake, nami sikusoma. Sala haikuongeza volti hata moja.

Kuna mahali nitakuzuia. Redio isiyo na transfoma, ambayo globu imeunganishwa mstari mmoja na valvu zake, bati lake la ndani linaweza kuwa na umeme wa ukutani. Hiyo mpelekee fundi, ukae pembeni yake utazame, ujifunze. Na kama kinachokuliza ni lile jicho la kijani linalojikunja stesheni ikikaa sawa, hilo si globu. Hilo ni valvu, EM80 au EM84 au ndugu zao, na mahali pa kulisaka ni ndani ya redio nyingine iliyokufa.

Tena kabla hujalaumu globu, ipime. Huku kwetu ukungu wa asubuhi unaingia hadi ndani ya kabati, na kutu haibishi hodi. Nimeona redio huko juu Mlalo iliyokaa gizani miaka na miaka. Globu ilikuwa nzima! Ni kile kibati cha chini ya soketi kilichoota kutu. Mtoto wa shule akakisugua kwa kifutio cha penseli, taa ikawaka, na mwenye redio akawa hana pa kuweka uso. Miaka yote hiyo alikuwa akiwaambia watu kwamba spea zimeadimika.

Wewe una uhakika yako imekufa?

Geuza na nyuma. Redio nyingi za Ulaya zina kiteuzi cha volti: 110, 127, 220, 245. Umeme wetu ni volti 230, na usiku unaweza kupanda. Kama kiteuzi kimekaa 220 tangu enzi za babu, basi globu ilikuwa inakaangwa kila jioni. Kiweke 245. Hakuna anayekutoza senti kwa hilo.

Najua utaniambia nini. "Taa tu hiyo, redio si inaongea?"

Taa tu?

Kaa chini.

Kioo kile kina majina. Hilversum. Luxembourg. Beromünster. Mtoto wa Bumbuli aliyesoma darasa la nne aliyakuta majina hayo kwenye kioo cha redio kabla hajayakuta kwenye ramani, kwa sababu nyuma yake kulikuwa na globu. Kwenye redio za betri, zile National zilizotoka kwa Matsushita Dar es Salaam na Philips za Arusha, nyingine zilikuwa na kitufe cha taa. Unabonyeza, unaona mshale, unaachia haraka, maana betri ni pesa. Betri zikichoka zinaanikwa juani juu ya ungo pamoja na mahindi, zikipata nguvu kidogo zinarudi kazini. Watu hao walijua thamani ya mwanga wa sekunde mbili.

Mwaka 1973 ilipokuja kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapatao milioni 2 nchi nzima walikaa kwenye vikundi kuizunguka redio, wakasikia, wakajadili, wakatoka hapo kwenda kuchimba vyoo. Hawakuwa na intaneti. Wengi wao hawakuwa na umeme. Novemba 1978 Mwalimu alipowaeleza wananchi kwamba tunakwenda kupigana na Idi Amin, nyumba ngapi za milima hii zilikuwa na koroboi moja na kioo kimoja cha redio kinachong'aa? Babu yako alikiinamia kioo hichohicho. Alama ya mafuta ya kidole chake bado iko kwenye kile kitasa cha kutafutia stesheni, chunguza utaiona.

Na wewe umeweka maua.

Muda unakwenda, mgosi. Mnunuzi wa vyuma chakavu anapandisha na mizani yake, na yeye haulizi redio imesikia nini. Anauliza kilo ngapi. Fundi aliyejua kusoma globu kwa rangi ya ushanga anazeeka, macho yake yana mtoto wa jicho, na akiondoka ataondoka na kopo lake kichwani. Utamkuta lini? Mwakani? Mwakani nani kakuahidi?

Vijana wengine wanaagiza globu za LED kutoka nje, volti 6.3, shingo ileile. Haya, agiza, sikukatazi, ilmradi redio ina transfoma. Mwanga wake mweupe mno kwa macho yangu, kama wa duka la dawa. Lakini afadhali huyo aliyeagiza kuliko wewe uliyeketi.

Sitaki uniambie kesho. Leo ni siku ya gulio, mafundi wote wameteremka, gari la Mombo linajaza abiria pale stendi na konda ameshapiga bati mara mbili. Chukua kipande cha karatasi. Andika 6.3V, 0.3A, hesi, milimita 10. Ile globu iliyokufa ifunge kwenye leso uende nayo, usimwelezee muuzaji kwa vidole. Ukipata moja, nunua nne.

Na hayo maua yashushe kabla hujatoka.