Simba Ana Pointi 26

Kwenye kanuni za Dungeons & Dragons za 2014, simba ana pointi 26 za uhai, na kumshinda kunaleta pointi 200 za tajriba. Fisi ana 5 tu, na thamani yake ni 10. Kama hujawahi kucheza, ni hivi: mnakaa mezani, mmoja anasimulia dunia, wengine wanasema wahusika wao wanafanya nini, na dadu inaamua kama wamefaulu. Simba akitokea nyasini, kila mtu anaokota dadu. Hakuna anayeuliza alikuwa anaenda wapi.

Sasa, kuna ubaya wowote kumleta mnyama mwindaji mezani ili auawe tu?

Jibu la haraka ni hapana. Simba wa karatasi haumii. Kant aliona kwamba anayemtendea mnyama ukatili huwa mgumu kwa watu pia, lakini mimi sijaona mtu akitoka kwa mchezo akaenda kutesa paka. Kwa hivyo siwaletei mahubiri ya huruma. Shida yangu ni kwamba huyo simba ni uongo.

Mwindaji anaishi kwa hesabu. Akivunjika taya, hawindi, asipowinda, anakufa. Ndiyo maana mara nyingi mawindo yakimpiga sana anaachana nayo. Simba anayepigana mpaka pointi ya mwisho hana njaa, hana woga, hana watoto. Ni gunia la pointi lenye manyoya. Na ukishajua bei ya kiumbe akifa, ni rahisi kusahau kuuliza anataka nini.

Sisi wa Nairobi hatuwezi kulisahau hilo swali. Mbuga yetu ilifunguliwa 1946, na upande wa kusini uko wazi ili wanyama wapite. 2012, simba sita waliuawa Kitengela baada ya kuvamia mifugo. 2016, simba aliyeitwa Mohawk alitoka mbugani, akajeruhi mtu, akapigwa risasi Isinya. Mtandaoni watu walimlilia sana. Lakini bana, ni rahisi kumlilia simba ambaye hajala ng'ombe wako. Anayemhesabu pointi na anayemfanya malaika wamekwepa swali moja: simba anataka nini, na nani atalipa?

Richard Turere hakulikwepa. Akiwa mvulana mchungaji kando ya mbuga hiyo, aligundua kwamba simba huogopa mwanga unaosonga. Akaunganisha taa, betri na paneli ya sola, zikawa zinawaka na kuzima kuzunguka boma. Simba wakadhani kuna mtu anatembea. Mwaka wa 2013 alisimulia haya kwenye jukwaa la TED, Marekani.

Huo ndio mchezo ningependa tucheze. Ukimleta simba mezani, mpe sababu: mbavu zimetokeza, jino limeoza, watoto wako kichakani. Halafu mlete mama aliyebaki na ng'ombe watatu. Waache wachezaji wabishane. Wakimuua, sawa, pengine hakukuwa na njia nyingine, na angalau watajua wamemuua nani. Lakini wakimrudisha porini kwa taa na akili, wape zile pointi 200 zote.